Mnazi wa Ganda ulipokataliwa kupanda meli

MGEMA akisifiwa tembo hulitia maji. Hiyo ndiyo methali tuliyokaririshwa shuleni kuhusu kinywaji cha mnazi, na kwa wengi wetu ni ya kwanza na ya mwisho. Haikunisaidia kitu siku ile ya mapema mwaka 2024, niliposimama nje ya lango la bandari mjini Mombasa, jua la utosi. Kando yangu mjomba wangu alikuwa amevalia shati lake jeupe la harusi na matanga, mkononi kashika mtungi wa plastiki wa lita tano. Mbele yetu askari wa lango aliuliza kwa adabu:

"Mzee, umebeba nini humo?"

Mjomba ni mtu ambaye Kiswahili humkimbia akibabaika. Akajibu kwa lugha ya mamake:

"Uchi."

Askari alirudi nyuma hatua moja. Alimtazama mjomba kuanzia viatuni hadi kofiani, akaona kila kitu kimefunikwa, kisha akanigeukia mimi kama mtu anayeomba mkalimani.

Msomaji asiye wa Pwani afahamu kwamba kwa Wagiriama, na kwa Wamijikenda wengine pia, uchi ni pombe, hasa hii itokayo kwenye mnazi. Waswahili huiita tembo. Huku Mombasa na Malindi watu husema tu mnazi, mti na kinywaji vikachangia jina, na mahali pa kukinywea huitwa mangweni.

"Ni mnazi, afande," nikasema. "Ni tembo."

Askari aliangua kicheko hadi kofia ikamwenda upande. Alipotulia akauliza, "Na mnaupeleka wapi?"

Mjomba akanyoosha kidole. Nyuma ya makontena na makreni, meli nyeupe ya kitalii ilikuwa imetia nanga gatini, ghorofa juu ya ghorofa, mfano wa mtaa mzima uliong'olewa ugenini ukaja kuwekwa majini.

"Kwa mwanangu," akasema. "Yumo mle."

KITOVU CHINI YA MNAZI

Ganda iko nyuma ya mji wa Malindi, ukiipa bahari kisogo. Mtalii anayekuja Malindi huishia ufuoni, kwenye mahoteli na mikahawa ya Kiitaliano, au huenda kupiga picha kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Sisi wa Ganda tuko upande wa pili, kwenye miembe, mikorosho, mahindi na minazi.

Binamu yangu alipozaliwa, babu alizika kitovu chake nyuma ya nyumba na kupanda mnazi mahali pale pale. Babu alikuwa mgema. Asubuhi na jioni alipanda minazi yake, miguu ikitafuta vikato vilivyochongwa kwenye shina, kotama kiunoni, kibuyu begani. Huko juu hukata ncha ya karara changa kabla haijafunguka, akaifunga, akatundika chombo, na utomvu ukaanza kudondoka tone kwa tone. Kila akirudi hukata ubavu mwembamba tena ili jeraha lisizibe. Karara inayogemwa haizai nazi. Kwa hiyo mgema huchagua: mnazi huu wa nazi, ule wa tembo.

Mnazi wa binamu yangu ulikuwa wa tembo. Babu alisema tangu mwanzo kwamba mjukuu wake ataugema mwenyewe, na kweli kijana alipofika miaka 15 alikuwa akipanda kama tumbili. Mjomba, ambaye ndiye baba yake, alishapanga mambo yake yote: mtoto huyu atarithi minazi, mimi nitazeeka nikimtazama kutoka chini.

Lakini Malindi iko karibu, na Malindi ina mahoteli. Binamu alipata kazi ya kuhudumia meza, akajifunza Kiitaliano cha kuulizia wageni watakula nini, akajifunza kufungua chupa ya mvinyo bila kuimwaga. Mwaka 2022 akatuambia amepata mkataba wa kufanya kazi kwenye meli ya kitalii.

Mjomba alikataa katakata. Mtu wa umri wake anakumbuka miaka ya maharamia. Novemba 2005 meli ya kitalii iitwayo Seabourn Spirit, iliyokuwa ikitoka Alexandria kuja Mombasa, ilishambuliwa kwa bunduki na maroketi nje ya pwani ya Somalia. Ilinusurika na kukimbilia Ushelisheli. Habari hiyo ilizungumzwa sana Pwani, na kwa miaka kadhaa baadaye meli kama hizo zikawa adimu bandarini. Hata hivyo hofu kubwa ya mjomba haikuwa maharamia. Nilikuwapo aliposema, na maneno yake sijayasahau:

"Ukifanya kazi hotelini Malindi, siku nikikutaka nitakuja kubisha hodi. Huko majini nitabisha hodi wapi?"

Kijana hakujibu. Alfajiri ya siku ya tatu aliondoka na begi lake, baba mtu akiwa juu ya mnazi. Sijui kama hakumwona au alijifanya hakumwona.

Novemba 2023 babu akafariki. Binamu alipigiwa simu akiwa mbali baharini, na meli haisimami kwa ajili ya msiba wa mhudumu. Tulimzika babu bila yeye. Katika mila za kwetu, wajukuu huchukua tembo kidogo wakamwaga ardhini, kwa ajili ya koma, yaani wazee waliotangulia. Kila mmoja alimwaga. Ilipofika zamu ya yule aliyezaliwa na mnazi wake, kata ikapita. Mjomba alitazama chini, hakusema neno.

Wiki chache baadaye ujumbe ukaja kwenye simu yangu: "Tutafika Mombasa. Siku moja tu. Mwambie Baba."

MTUNGI UNAOPUMUA

Nilikwenda Ganda kumchukua. Nilimkuta ameshashuka mnazini, amelitia tembo mtungini na kulichuja kwa kilifu, ule utando wa nyuzi unaoota kwenye vikuti vichanga. Nikauliza ni la mnazi upi. Akanitazama kama ninayeuliza maji ni ya mvua au ya kisima.

"La mnazi wake. La alfajiri ya leo."

Nilitaka kukaza kifuniko. Akanizuia mkono.

"Usilizibe. Litapasuka."

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa sayansi watalielewa upesi. Mvinyo wa zabibu hukaa chupani miaka kwa sababu umemaliza kuchacha kabla ya kuzibwa. Hamira imeshaila sukari, kilevi kimefika asilimia 12 au 13, chupa imefungwa, mambo yametulia. Tembo halijui kutulia. Utomvu ukidondoka una sukari nyingi na hauna kilevi, lakini hamira na bakteria huuvamia tangu kibuyuni. Asubuhi ni tamu hata mtoto angeusifu. Ikifika jioni una nguvu zinazokaribia za bia, na hewa ya kaboni inafoka ndani yake. Kesho yake ni mkali. Siku chache zaidi zikipita kilevi chenyewe huliwa na bakteria wengine, ukabaki na siki. Ukiuziba kabisa njiani, umebeba bomu dogo.

Ndiyo maana hutakuta tembo la Ganda kwenye rafu za maduka ya Nairobi pamoja na mvinyo wa Italia. Kinywaji hiki kina saa zake, na anayekitaka hukifuata.

Basi tulipanda matatu pale Malindi, mtungi katikati ya miguu ya mjomba, kifuniko kimelegezwa, kitambaa kimefungwa juu. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Karibu yetu aliketi mama mmoja aliyevaa buibui. Harufu ilipomfikia, mjomba alikuwa wa kwanza kusema.

"Mama, nisamehe. Hili si la kunywewa humu garini."

"Si neno, baba," akajibu yule mama, akavuta buibui lake kando. "Lishike tu lisinimwagikie. Nguo hii nitaiswalia."

Mjomba aliushika kama anayeshika mtoto mchanga. Gede, Matsangoni, Kilifi. Kwenye daraja la Kilifi, lile lililofunguliwa mwaka 1991 na kuwapumzisha watu na kivuko, gari lilirukaruka kidogo na povu likatokeza chini ya kitambaa. Mjomba akalegeza kifuniko nusu mzunguko, mtungi ukapumua, akafunga. Yule mama akacheka mpaka akajifunika uso. Mtwapa aliposhuka alimtakia mjomba safari njema, naye mjomba akamwombea baraka kwa mwanawe.

CHA MGENI HUPANDA VIPI MELINI?

Turudi langoni. Askari alipomaliza kucheka alitueleza bila kutuzungusha. Hatukuwa na kibali cha kuingia, na majina yetu hayakuwa kwenye orodha yoyote. Hata kama tungeingia, tembo lisingevuka ngazi ya meli, maana pale kuna mashine ya kukagua mizigo, na kileo cha mkononi huzuiliwa.

"Mpigieni simu atoke yeye," akasema. "Mtu hutoka kwa urahisi kuliko mtungi kuingia."

Tulipiga. Binamu akasema atapata nafasi ya saa mbili baada ya chakula cha mchana. Tukaenda kungoja chini ya mwarobaini ng'ambo ya barabara, mjomba akauweka mtungi kivulini na kuulegeza tena.

Katika kungoja kule nilikumbuka jambo nililolisoma nikiwa chuoni. Kuna kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kilichowaelekeza mabaharia na wafanyabiashara njia za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi hadi pwani yetu hii, ambayo wakati huo waliiita Azania. Kinataja bidhaa zilizoletwa: mikuki, shoka, visu, vitu vya kioo. Kisha kinaeleza kwamba mahali pengine wafanyabiashara walibeba mvinyo na ngano kidogo, si kwa ajili ya kuuza, bali kuwakirimu wenyeji na kujenga urafiki. Kwa hiyo karibu miaka 2,000 iliyopita, baharia aliyekuja Azania alijua kwamba kinywaji kidogo cha kutoka nyumbani kina kazi ambayo bidhaa ya kuuza haiwezi kuifanya.

Na Malindi nayo ina historia ya kupeleka zawadi melini. Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga hapo na kuogopa kushuka, mfalme wa Malindi alimpelekea kondoo na viungo huko huko majini. Hakukuwa na mashine ya kukagua karafuu. Mjomba nilipomsimulia akatikisa kichwa.

"Huyo alikuwa mfalme," akasema.

Saa nane na nusu binamu akatokea langoni, shati jeupe, suruali nyeusi, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Alivuka barabara akitazama kushoto na kulia kama mtoto wa shule, akafika, akasimama.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Mjomba akanyamaza kidogo. "Nimebisha hodi."

"Karibu, Baba," akasema kijana, na sote watatu tukatazama huku na huko, maana hapakuwa na nyumba ya kumkaribisha mtu, ila mizizi ya mwarobaini na kigogo cha kukalia. Tukakaa hapo hapo.

Kwa muda walizungumza mambo ya mbuzi, ya mvua, ya paa la jikoni. Kisha macho ya kijana yakauangukia mtungi. Alijua mara moja. Akainama, akanusa, akafumba macho.

"Ni ule wangu?"

"Ni ule wako."

Hapo ndipo alipotueleza ni kwa nini hawezi kuupeleka melini, wala kuunywa. Jioni ile alikuwa na zamu. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na zamu za mabaharia, uliorekebishwa Manila mwaka 2010, umeweka mpaka wa kilevi kwa mabaharia wenye majukumu ya usalama: asilimia 0.05 katika damu. Kampuni nyingine hukaza zaidi ya hapo. Na mhudumu wa meza naye ana jukumu lake, kwani king'ora kikilia ndiye anayewaongoza wageni kwenye mashua za kujiokolea. Akipimwa akakutwa na kilevi, kazi imekwisha.

"Sasa wale wageni wako?" mjomba akauliza. "Hawanywi?"

Binamu akacheka, na kicheko kile kilitufungua sote. Kumbe kazi yake ya kila usiku ni hiyo hiyo: mvinyo wa watu. Akatueleza kwamba kampuni kadhaa kubwa za meli za kitalii humruhusu kila abiria mtu mzima kupanda na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750, siku ya kwanza tu ya safari, tena aibebe mkononi. Safari zinazoanzia Marekani, mtu mzima ni wa miaka 21. Pombe kali na bia hazikubaliwi. Ukinunua chupa bandarini njiani, huchukuliwa ukipanda, ikawekwa stoo, ukarudishiwa safari ikiisha.

Abiria akinywa chupa yake chumbani mwake, mara nyingi halipi kitu. Akija nayo mezani, mhudumu huifungua, huleta bilauri, kisha huandika ada. Kumbi za harusi hapa kwetu nazo hutoza ada hiyo ukileta vinywaji vyako.

"Ngoja," mjomba akasema. "Mtu huyo mvinyo ni wake?"

"Ni wake, Baba."

"Kanunua kwa pesa zake?"

"Kwa pesa zake."

"Na mnamtoza?"

"Tunamtoza kwa kumfungulia."

Mjomba alifikiri. "Mimi ningefungua mwenyewe."

Kuna wanaojaribu ujanja. Binamu alisema amewaona waliotia pombe kali kwenye chupa za dawa ya kusukutua mdomo, wakaitia rangi ya kijani ifanane. Wengine huimimina kwenye chupa za shampuu, na usiku wanakunywa kileo chenye povu la sabuni. Wakaguzi wameyaona yote hayo, na mashine haioni haya.

Nilimuuliza sababu ya ukali huo wote. Akasema ziko mbili. Ya kwanza ni usalama: maelfu ya watu kwenye chombo kimoja katikati ya bahari, na mlevi akianguka majini usiku si mzaha. Ya pili ni biashara. Tiketi huweza kuuzwa kwa bei ya kuvutia, kisha kampuni ikapata sehemu kubwa ya mapato kwa vitu vinavyouzwa ndani, na vinywaji viko mstari wa mbele. Kila chupa inayopanda mkononi mwa abiria ni chupa ambayo baa haikuuza.

"Kwa hiyo hawalikatai tembo langu kwa ubaya wake," mjomba akasema. "Wanalikataa kwa sababu hawakuliuza wao."

"La kwako lingekataliwa kwa yote mawili, Baba," kijana akajibu. "Na la tatu: lingelipuka."

SIKUKULETEA UNYWE

Saa mbili si nyingi. Binamu alipotazama saa kwa mara ya pili, nilidhani safari yetu ndiyo imeishia hapo, tembo litarudi Ganda nasi tutakuwa tumeonana tu. Mjomba akatia mkono kapuni akatoa kata ya kifuu, ile ile ya babu, yenye mpini uliofungwa waya. Akaijaza nusu, akampa.

Kijana akarudisha mikono nyuma. "Baba, nimekueleza. Siwezi kunywa."

"Sikukuletea unywe," mjomba akasema. "Nimekuletea umwage."

Binamu alibaki kimya. Kisha akaipokea kwa mikono miwili, akachuchumaa penye mizizi ya mwarobaini, akamwaga polepole, akizungumza na babu kwa Kigiriama. Maneno aliyosema ni yake na ya babu, sitayaandika gazetini. Nitasema tu kwamba mkono ulimtetemeka, na kwamba alipomaliza hakuinuka upesi. Mjomba akamwekea kiganja mgongoni, akakiacha hapo.

Nilitazama upande wa lango. Yule askari alikuwa ametupa kisogo, anaangalia malori.

Kabla hajarudi, mjomba alimuuliza mkataba unaisha lini. Akasema mwezi wa saba. Kuna Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unaosema kwamba baharia asikae melini miezi 12 bila kupewa likizo, na mikataba mingi ya wahudumu huwa chini ya hapo. Mjomba hakuwa na habari na mikataba. Alihesabu kwa vidole: mwezi wa tatu, wa nne, wa tano.

"Mwezi wa saba," akarudia. "Nitapumzisha mnazi wako."

UKITAKA KUBEBA CHAKO

Msomaji ambaye dini yake haimruhusu kileo atanivumilia, maana haya yanaweza kumsaidia jirani yake. Ukibahatika kusafiri kwa meli ya kitalii, soma masharti ya kampuni hiyo kabla hujafunga mizigo, kwani kila moja ina yake na hubadilika. Chupa ibaki imefungwa jinsi ilivyotoka kiwandani, uiweke kwenye begi la mkononi, na uulize ada ya mezani mapema ili usije kubishana na kijana wa watu ambaye sheria hakuitunga yeye.

Ukisafiri kwa ndege, viwanja vingi bado havikubali kimiminika cha zaidi ya mililita 100 kwenye begi la mkononi. Kwenye mizigo mikubwa, kinywaji cha kilevi kati ya asilimia 24 na 70 kina mpaka wa lita tano kwa mtu, na kinachozidi asilimia 70 hakikubaliwi kabisa. Tembo liko chini ya hapo, lakini usithubutu. Mfano wa daraja la Kilifi unatosha. Sasa fikiria angani.

Na wewe ambaye mtoto wako yuko baharini, ukisikia meli yake inafika, nenda. Usingoje uwe na kibali wala zawadi ya kufaa. Piga simu ukiwa langoni.

Mtungi ulirudi Ganda ukiwa umebaki lita nne na zaidi. Mjomba hakulinywa tembo lile wala hakuliuza. Alilitia kwenye chupa za kioo, akafunika midomo kwa kitambaa, akaziweka nyuma ya mlango wa jikoni.

Mwezi wa saba binamu alirudi. Nilikwenda Ganda Jumapili ile. Shangazi alikaanga samaki, akapika ugali, akatengeneza kachumbari ya vitunguu na nyanya. Binamu alionja, akaonja tena.

"Siki hii ni nzuri," akasema. "Mlinunua wapi?"

Mjomba alikuwa anachambua miba. Hakuinua uso.

"Hiyo ilifukuzwa Mombasa," akasema.

Tulicheka hadi shangazi akatuuliza tuna nini. Alfajiri iliyofuata niliamshwa na sauti ya kotama ikinolewa. Nilipotoka nje, binamu alikuwa ameshafika nusu ya shina, anapanda taratibu kama aliyesahau kidogo, na baba yake amesimama chini, mikono nyuma, anamtazama.